Chaza wa Serikali

Chaza mpya alitiwa majini saa mbili asubuhi, na hata dakika haijatimia alikuwa ameshaitia serikali nzima aibu.

Vuai Mcha, mlinzi wa kituo cha Kiungwi, alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa gati, ameshika kikapu cha waya. Ndani ya kikapu yule chaza alikuwa amefunua mdomo na anawaka nyekundu, nyekundu ya pilipili mbuzi iliyoiva.

"Tulia, bwana mdogo," Vuai akamwambia. "Ndiyo kwanza unaripoti kazini. Hata chai hujanywa, umeshaanza malalamiko?"

Chaza hakutulia. Kwenye nguzo nambari nne, hatua tatu tu kutoka pale, chaza wa zamani thelathini walikuwa wakifunua na kufumba midomo taratibu, wote kijani, wapole kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Maji yale yale, bahari ile ile. Thelathini wanasema salama, mmoja anapiga mayowe.

Vuai akamhamishia nguzo ya tano. Nyekundu. Ya sita, nyekundu. Alipofika ya saba, utani ulikuwa umeshaanza kumkauka mdomoni.

Chaza wa serikali alikuwa chaza kama chaza wote, isipokuwa pale kwenye nyama ambapo bahati humpandia chaza lulu, yeye wataalamu walimpandia punje, ndogo kama ya mtama. Kila alipokunywa maji, punje iliyaonja. Yakiwa ya kawaida, iliwaka kijani. Yakizidi mionzi, nyekundu. Kamera iliyofungwa juu ya nguzo ikapeleka habari makao makuu ya Idara ya Uangalizi wa Taka za Kina, ambayo watu wa Kiungwi, kwa kuokoa mate, waliiita Idara ya Mapipa.

Maana kisa chote kilikuwa mapipa. Meli zisizo na majina ziliyazamisha enzi zile ambazo bahari ilikuwa haina mwenyewe wa kuuliza. Ramani ilisema yako maili arobaini kusini ya kisiwa, na ilisema pia kwamba yameoza kiasi kwamba ukiyagusa yanapasuka. Basi serikali ikaamua kuyaangalia. Ukishindwa kumtoa nyoka darini, angalau ujue kalala upande gani.

Lakini punje haizaliwi na akili. Kabla ya kupelekwa nguzoni, kila chaza hukaa siku arobaini ndani ya tangi la maji ya kufundishia, maji safi ya bahari kuu ambayo hayajaguswa na kitu. Anayanywa, anayazoea, na tangu hapo usafi kwake ni maji yale. Chaza hajui sumu. Anajua alichofundishwa tu.

Maji ya kufundishia chaza wa visiwa vyote vinne aliyachota Vuai. Hawa wapya walioletwa juzi walifundishwa kwa maji mengine, kwa kuwa ya Vuai yalikuwa yamekwisha na maabara ya bara ilituma meli yake yenyewe.

Akamrudisha chaza kwenye ndoo aliyosafiri nayo kutoka bara. Kijani. Mara moja, bila kusitasita.

"Kumbe si mgonjwa," Vuai akasema polepole.

Akaenda stoo. Nyuma ya makoti ya mvua kulikuwa na dumu moja la zamani la maji yale lililosahauliwa, lakiri yake haijakatwa, lenye maandishi ya mkono wake mwenyewe. Akaikata lakiri, akamimina maji kwenye karai, akamtia chaza. Kisha akageuka akatazama ukutani, kama mtu anayepigwa sindano.

Hakuhitaji kuangalia. Karai lilikuwa la bati jeupe, na ukuta wote wa stoo ulikuwa umegeuka mwekundu.

*

Mwaka mmoja na nusu nyuma, amri ilikuwa fupi: nenda maili thelathini mashariki, kwenye maji ya buluu, jaza madumu kumi na mawili, tia lakiri, rudi.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kumchotea maji Mwanakheri, binti wa shangazi yake. Bibi harusi wa Kiungwi huogeshwa siku saba za fungate kwa maji ya Mkondo wa Mwanambe, mlango wa bahari ulio nyuma ya kisiwa. Akinamama hawakuwa na chombo, na Vuai alikuwa na boti ya serikali yenye tangi limejaa. Wakapanda na ndoo zao, na vigelegele vyao, na sahani ya kaimati. Walipofika Mkondoni, Vuai akachungulia chini. Maji yale! Pima kumi na mbili, na unaona mchanga kama uko kiganjani. Hapakuwa na jani la mwani, wala fundo hata mmoja wa kukuchoma mguu kwa miiba yake, wala samaki wa kuyatibua. Akinamama wakamwambia, ya nini kwenda kupigwa na mawimbi maili thelathini, na maji safi kuliko yote duniani haya hapa? Vuai akaona kweli. Akajaza madumu kumi na mawili huku anaimbiwa. Kwenye fomu akaandika maili thelathini mashariki. Akaandika vizuri, kwa mwandiko wa mtihani.

Sasa, amekaa sakafuni pa stoo, akakumbuka alichokuwa akisimulia bibi yake mzaa baba. Bibi alisema kuwa yeye alipokuwa kigori, pale Mkondoni palikuwa na mwani mwingi na samaki changu wa kugombania. Kisha mwaka mmoja maji yakatakata yenyewe, ghafla, kila kitu kikaondoka, watu wakashukuru Mungu. Ndipo wakaanza kuwaogeshea maharusi.

Maji hayakuwa yametakata. Yalikuwa yamekufa. Kuna meli moja haikufika maili arobaini, ikayazamisha mapipa yake pale pale. Labda ilikuwa na haraka, labda ilijaza fomu.

Na kila chaza aliyelelewa na maji yale alijifunza kuwa kifo ndiyo kawaida. Chochote kilichokuwa kichafu kama Mkondo, au pungufu yake, kwake kilikuwa kijani.

*

Injinia Zuwena Ngwali, mkuu wake, alipokea simu kwa sauti ya mtu aliye kikaoni.

"Vuai, leo sina nafasi ya vichekesho."

"Leo sina hata kimoja, Injinia."

Hilo peke yake lilimfanya atoke kikaoni. Vuai akasikia mlango ukifungwa. Akamweleza: nguzo, ndoo, karai, dumu. Alipofika kwenye dumu, Injinia akamkatiza.

"Ulichota wapi?"

"Mkondo wa Mwanambe. Nyuma ya kisiwa."

"Fomu inasema maili thelathini mashariki."

"Fomu niliijaza mimi, Injinia."

Injinia Zuwena akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Unajua kitu? Niliona. Safari ya lita mia ya mafuta, wewe umetumia ishirini. Nikasema, kijana mbanaji huyu, nikakusifu kwenye ripoti. Nikatia saini. Sikuuliza." Akashusha sauti. "Chaza elfu tatu na mia mbili, Vuai."

"Na kesho akinamama wanafungua mwamba, wanaanza kuvua pweza."

"Wazuie. Tafuta sababu yoyote. Mimi nipe siku arobaini. Tunafundisha chaza upya, tunawabadilisha kidogo kidogo, taa zinageuka nyekundu, tunatangaza kuwa mapipa yameanza kuvuja. Ni kweli yanavuja. Tunabadilisha tarehe tu."

"Na waliokwisha kula?"

"Kwa waliokwisha kula, kusema leo na kusema baada ya siku arobaini kuna tofauti gani? Nisikilize vizuri. Ukisema taa zimeongopa mwaka mzima na nusu, hakuna atakayeamini taa yoyote tena, hata za kweli. Idara itavunjwa. Nani atayaangalia mapipa? Wewe na utani wako?"

Ubaya wa Injinia Zuwena ni kwamba hakuwa mbaya. Maneno yake yalikuwa na miguu, yalisimama. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulijua, kwa kuwa alizaliwa bara na kuolewa bara.

"Injinia, yale maji watu wana..."

"Wana nini?"

Angemwambia maharusi. Lakini akawaona wote mmoja mmoja, Mwanakheri mbele yao, akaachia hapo.

"Hamna, Injinia. Nitatafuta sababu."

*

Alimkuta shangazi yake, Bi Mize, barazani, anaunoa mchokoo wa chuma, ile fimbo ya kumtolea pweza pangoni. Bi Mize alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwamba. Yeye ndiye aliyewashawishi watu waufunge mwamba miezi mitatu ili pweza wakue, na kwa miezi hiyo mitatu alikuwa amelisha ahadi wanawake sitini.

"Karibu, mwanangu. Kesho tumbo lako litakoma."

"Shangazi, kesho tuahirishe."

"Kwa nini?"

Angesema. Mdomo ulishafunguka. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja, kama punda wa maji.

"Chaza wanaumwa. Wameshikwa na mafua."

Bi Mize akaweka tupa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mafua! Chaza! Na kamasi wanapenga wapi, mwana wewe?"

"Shangazi, kweli, huyu mpya tangu asubuhi hasikilizani na wenzake."

"Basi mpe kashata. Mimi tangu alfajiri nimezunguka nguzo zote kwa mtumbwi. Kijani, kijani, kijani. Si wewe uliyetufundisha? 'Kijani ni kula, nyekundu ni kulala njaa.' Wajukuu zangu wanaiimba." Akainua mchokoo, akaangalia ncha. "Watu walikuwa wanaogopa bahari hii, Vuai. Ulipokuja wewe na taa zako ndiyo tukalala usingizi. Mungu akuweke."

Vuai akacheka naye. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi: kwamba alikaa pale barazani, akacheka naye.

*

Kesho yake maji yalikupwa saa nne asubuhi. Mwamba ukatokeza mgongo wake mweusi, na wanawake sitini wakaushukia na michokoo, wanaitana, wanasukumana, wanashindana nani atapata wa kwanza. Miezi mitatu ya kuachwa ilikuwa imewafaa pweza. Walikuwa wakubwa kama mito ya kulalia.

Desturi ya Kiungwi ni kwamba pweza wa kwanza hachukuliwi nyumbani. Hupigwa, huchomwa pale pale ufukweni, na mkono wake wa kwanza hupewa aliyelinda mwamba. Zamani alikuwa mzee fulani mwenye rungu. Siku hizi alikuwa Vuai. Mara mbili zilizopita aliufanya mchezo: aliula akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akahutubia kama waziri, watu wakafa kwa kicheko.

Bi Mize akamletea mkono wa pweza kwenye kifuu, unatoa moshi, umenyunyiziwa ndimu. Watu wakakusanyika. Mwanakheri alikuwa mbele, ameegemea mwamvuli, mimba yake ya miezi sita imetangulia kila mtu.

"Hutuba! Hutuba!"

Vuai akakipokea kifuu. Hakusimama kwa mguu mmoja.

"Msile," akasema.

Watu wakacheka.

"Msile, nasema. Taa ni za uongo. Maji haya yana mionzi, na pweza wana mionzi. Mwaka mzima na nusu sasa taa zinatudanganya."

Wakacheka zaidi. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Anataka wote abaki nao yeye!" Mwingine akaitikia, "Tumbo la serikali hilo!"

Vuai akaweka kifuu chini, akafungua mkoba aliokuwa ameuvaa begani, akamtoa chaza mpya na kumtia kwenye ndoo ya pweza. Nyekundu ikapanda mpaka kwenye nyuso zao. Kicheko kikapungua, lakini hakikuisha. Bi Mize mwenyewe akatikisa kichwa, anatabasamu.

"Huyo si ndiye uliyesema jana ana mafua?"

Wakaangua kicheko tena. Hapo ndipo Vuai alipouona mtego aliojitegea. Jana alikuwa na ukweli akaufunika kwa mzaha, leo amekuja na ukweli mtupu na hakuna anayeutambua. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kifuu. Vuai akakipiga teke. Kikaruka, mkono wa pweza ukaanguka mchangani.

Riziki haipigwi teke Kiungwi. Watu wakanyamaza, si kwa kuamini, kwa kuchukia.

"Vuai!" Bi Mize akasema. "Umerogwa?"

"Shangazi, chaza hawa walifundishwa maji safi ni yapi. Maji hayo nilitumwa nikayachote bahari kuu. Sikwenda. Nilijaza madumu Mkondoni, siku tuliyokwenda kumchotea Mwanakheri. Fomu niliandika uongo. Maji ya Mkondo yana sumu. Ndiyo maana hakuoti kitu pale. Ndiyo maana ni meupe."

Kati ya wanawake waliokuwa wanamtazama, kumi na wawili walikuwa ndani ya boti ile. Akawaona mmoja mmoja wanakumbuka. Mmoja akaacha mchokoo ukamtoka mkononi. Bi Mize alikuwa ameinua mkono, kama anayetaka kumpiga, na mkono ukabaki hapo hapo juu.

"Madumu ya buluu," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Yenye vifuniko vyeusi." Sauti yake ilikuwa imepungua ikawa ya mtu anayejisemea. "Mimi ndiye niliyeshika faneli ukiyajaza."

Hakuna aliyecheka tena. Mawimbi ya mbali yalisikika, na pweza mmoja akitapatapa ndani ya ndoo. Kisha Bi Mize akamgeukia binti yake. Alimtazama usoni, akateremsha macho mpaka tumboni, akayapandisha tena.

"Nenda nyumbani," Bi Mize akamwambia. "Usiguse kitu cha hapa. Kanawe kwa maji ya kisima. Nenda, mama."

Kisha akawapungia wanawake mkono, ishara moja tu, na wanawake sitini wakageuza ndoo zao. Pweza waliokuwa bado hai wakateleza wakarudi mapangoni mwao. Wafu wakabaki juu ya mwamba kungoja maji.

Vuai alikuwa akisubiri kupigwa. Angefurahi kupigwa. Mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni, na hata hilo aliliona ni hisani. Lakini Bi Mize alimshika kifundo cha mkono, akaanza kupanda naye njia ya mjini, kwa haraka, kama anayempeleka mtoto chuoni kusoma Kurani.

"Tunakwenda wapi, shangazi?"

"Kwa Saumu."

Vuai akasimama. Saumu wa Pandu. Aliolewa Alhamisi iliyopita. Hakuwepo ufukweni kwa kuwa yuko fungateni, hatoki mpaka ziishe siku saba. Na leo ilikuwa ya tano.

"Wanamwogesha adhuhuri," Bi Mize akasema. "Kila siku ndoo mbili. Twende."

"Shangazi, mwambie wewe. Wewe mwanamke mwenzake. Mimi nitakaa nje, nitajibu nikiulizwa."

"Mimi nitabisha hodi," Bi Mize akasema. "Faneli ni yangu, na hilo nitalisema mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Lakini fomu ni yako."

Simu ya Vuai ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Injinia Zuwena, bila shaka. Kamera za nguzo zilikuwa zimeshamwonyesha mwamba mtupu wenye pweza wafu. Akaiacha itetemeke.

Nyumba ya Saumu ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Uani ndoo mbili zilikuwa zimeshatolewa juani zipate joto, maji yake meupe kiasi kwamba ungedhani hamna kitu ndani. Bi Mize akazipindua zote mbili kwa mguu, bila kusimama. Mlangoni pa chumba kulikuwa na pazia la hariri, na harufu ya udi ikipita chini yake.

"Hodi."

"Karibu, Bi Mize! Mbona mapema?"

"Niko na Vuai."

Ndani kukawa na kicheko, cha Saumu na cha wasaidizi wake. "Vuai! Mwanamume na fungate wapi na wapi? Haya, sema hapo hapo ulipo, umetuletea kipi leo?" Mkono ukatoka ukingoni mwa pazia, umejaa hina mbichi mpaka kwenye kiwiko, bangili zinalia, kiganja kimefunguliwa kwa utani, kama mtu anayedai zawadi. "Sema basi, nicheke. Nimekaa ndani siku tano kama kuku wa mayai."

Vuai akavua kofia, ingawa waliokuwa ndani hawakumwona. Akaanza pale pale ilipoanzia, kwenye boti. Saumu akacheka alipotaja boti. Akacheka kidogo kwenye madumu. Vuai aliendelea, hakupunguza wala hakukimbiza, macho yake yakiwa kwenye ule mkono, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyaweka. Bangili zilikuwa bado zikigongana alipofika kwenye fomu.

Alipotaja maji ya Mkondo, zikanyamaza. Kiganja kikajikunja polepole, kidole kimoja kimoja, kisha mkono ukarudi ndani.

"Endelea," sauti ya Saumu ikasema nyuma ya pazia.

Vuai akaendelea.